Yoroimo wa Hinokura

Jumatatu, 10 Juni. Mvua nyembamba, haina sauti.

Mazoezi ya redio saa kumi na mbili na nusu, chini ya paa la bustani. Wazee tisa. Tumenyoosha mikono, tumeinama, tumeruka (walioweza). Kinyozi Tochikubo, kiongozi wetu, akagonga mihuri kwenye kadi zetu za mahudhurio, kisha akatangaza kama msomaji wa taarifa ya habari kwamba Bi Orikasa anahama. Jumamosi! Anakwenda kuishi kwa mwanawe, Hokkaido, kaskazini kabisa.

Kadi ikaniponyoka, ikaangukia dimbwini.

Si kwa ajili ya Bi Orikasa. Mama huyu alipika chakula cha shule miaka thelathini, na hadi leo anamtazama kila mtu kama mtoto aliyebakisha karoti. Ni kwa ajili ya Yoroimo wake.

Niandike wazi, ingawa hakuna atakayesoma. Sisi wazee wa bustani hii tunacheza Kagoju. Unatembea na simu, viumbe wanajitokeza kwenye ramani, unawatia kikapuni. Daktari alituambia tutembee. Hakutuambia kwamba tutakuwa wagomvi. Yoroimo ni kiumbe wa vijito: mkubwa kama boga, mgongoni ana mabamba tisa ya chuma yaliyoshonwa kwa kamba za buluu, kama deraya za mashujaa wa kale. Akiogopa hujikunja akawa tufe. Akilala, kijiwingu hutokea juu yake, na ndani ya kijiwingu huota mahali alipozaliwa.

Huyu wa Bi Orikasa amezaliwa Hinokura. Kadi yake inasema hivyo. Hinokura! Kijiji changu, ambacho kwa miaka sitini na miwili kiko chini ya maji ya bwawa la umeme. Katika ramani zote ni buluu tupu. Nilisahihisha kurasa za gazeti la mkoa miaka thelathini na minne, na jina hilo halikupita mbele yangu hata mara moja. Lakini waliotengeneza mchezo huu, sijui kwa bahati gani, walitumia ramani ya zamani.

Vuli iliyopita ukame ulishusha maji, watu wakatembea kwenye tope hadi lilipo daraja letu. Mimi nilikuwa nimelazwa na jiwe la figo. Bi Orikasa akaenda na mabuti yake ya mpira, akarudi na Yoroimo.

Kupeana viumbe lazima simu mbili zisipishane zaidi ya hatua tatu. Hokkaido si hatua tatu. Nina siku tano.

Kumwomba? Watu wa Hinokura hatuombi. Tuliondolewa bila kuombwa, nasi hatujaomba kitu tangu hapo. Nina mpango.


Jumanne, 11 Juni. Mvua. Maua ya buluu ya uani yameinamisha vichwa.

Mpango: tikiti.

Kwetu anayepokea zawadi hurudisha nusu yake. Si sheria, ila ni nzito kuliko sheria. Nimenunua tikiti la ganda lenye wavu, lililolala katika sanduku la mbao kama mwana wa mfalme. Hesabu yangu: Bi Orikasa amekwisha kufunga vyombo vyake. Dukani hana muda wa kwenda. Atarudisha nini? Atakuja kwangu ameinamisha kichwa, ataniuliza kama kuna chochote ninachokitamani. Nitatazama dirishani. Nitasema, kama mtu aliyekumbuka ghafla, kwamba labda kile kiumbe chako kidogo, jina lake nani vile.

Nimelipeleka saa tatu. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akaligeuza sanduku, akasoma karatasi, akacheka hadi akashika ukuta. Tikiti limetoka Hokkaido. Akasema: “Mzee Nukazawa, mimi naenda huko yanakolimwa, wewe unanibebea huku!” Nikamwambia ni kwa ajili ya kuzoea.

Hata hivyo amelipokea. Kamba iko shingoni.


Jumatano, 12 Juni. Mawingu. Joto la kunata.

Saa mbili asubuhi, kengele. Bi Orikasa mlangoni na sahani.

Nusu ya tikiti.

Nusu ya tikiti lilelile! Limekatwa sawasawa kwa mkono wa mtu aliyegawia watoto mia nne kwa siku, hata mbegu nadhani zimegawanywa. Nimemweleza, kwa upole, kwamba haifanyiki hivyo: mtu hurudisha kitu kingine, cha nusu ya thamani, kilichofungwa kwa karatasi nzuri. Akasema kwa umri wake haoni sababu ya kuzunguka kupitia dukani. Nusu ni nusu. Akaniambia nile kabla halijalainika, akaenda zake.

Nimekula. Tamu sana, bahati mbaya.

Mchana nimesinzia kwenye kiti. Nimeota niko darajani Hinokura, mama ananiita kutoka upande wa pili, na maji yanapita juu ya vichwa vyetu, taratibu, kama upepo juu ya mpunga. Hakuna aliyelowa.

Nimeamka na mpango wa pili. Mwezi huu mimi ndiye katibu wa ubao wa mzunguko, ule unaopita nyumba hadi nyumba na matangazo ya mtaa. Kila nyumba husoma, hugonga muhuri wa familia, hupeleka kwa jirani. Watu wa mtaa huu wanautii ubao kuliko wanavyomtii daktari. Chini ya tangazo la siku ya takataka kubwa nimeongeza, kwa lugha ya kiofisi isiyo na doa:

“Wakazi wanaohama wanaombwa kukabidhi kwa katibu (nyumba namba 4), kabla ya Ijumaa tarehe 15, viumbe wote waliopatikana katika eneo hili.”

Nimeusoma mara tatu. Kazi safi. Ubao umeondoka saa kumi jioni.


Alhamisi, 13 Juni. Manyunyu.

Nikisubiri ubao, nimefungua uwanja mwingine wa vita. Baada ya mazoezi nilimpa Bi Orikasa changamoto mbele ya watu: tushindanishe viumbe, mshindi achague mmoja kutoka kikapu cha mwenzake. Tochikubo akajifanya refa. Akauliza kama familia yangu imearifiwa.

Mimi nilimtoa Ishimukade, jongoo wangu wa mawe. Nimemfunza miezi mitatu, nimetembea naye hadi soli ya kiatu ikatoboka. Yeye akamtoa nani? Yoroimo mwenyewe! Nikaona mkono wa majaliwa.

Ishimukade akapiga. Yoroimo akajikunja. Akapiga tena. Mabamba yakalia kama kengele ndogo za hekalu. Nilikuwa ninashinda, naandika bila kujisifu. Kisha Yoroimo, katikati ya vita, akalala usingizi.

Kijiwingu kikatokea.

Kilikuwa kidogo kama ukucha. Ndani yake kitu cha kijivu, kimepinda. Mvua ilikuwa kwenye miwani yangu. Nikaivua, nikaipangusa kwa shati, nikaivaa, nikasogeza uso hadi pua ikagusa kioo cha simu yake. Tochikubo anasema nilikaa hivyo karibu dakika nzima. Anasema alinipigia kelele: “Bonyeza, mzee, bonyeza!” Sikusikia. Yoroimo aliamka, akambingirikia Ishimukade, vita vikaisha.

Kijiwingu kilikuwa kimetoweka kabla sijaona vizuri.

Bi Orikasa akachagua zawadi yake. Angeweza kumchukua yeyote. Akamchukua kiluwiluwi wangu dhaifu kuliko wote, akasema anafanana nami: kichwa kikubwa na haendi popote. Wote wakacheka. Yeye peke yake aliacha kucheka mapema, akanitazama kama anasubiri niseme kitu.

Nilisema nadhani mvua itaendelea.


Ijumaa, 14 Juni. Jua kidogo, kisha aibu.

Walianza kuja saa moja asubuhi.

Hakuna aliyesoma neno “wanaohama”. Nimesahihisha maandishi maisha yangu yote na nilipaswa kujua kwamba watu husoma kitenzi na tarehe. Wa kwanza alikuwa Tochikubo, amemshika simuni kipepeo wake wa radi, macho mekundu, akiuliza kama ni ofisi ya mji iliyoagiza. Nikasema mambo bado yanachunguzwa. Wakafuata wengine. Wasiocheza Kagoju nao wametii. Mama wa nyumba namba 6 ameleta kamba wawili wa mtaroni ndani ya ndoo. Mjane wa namba 11 ameleta kobe. Kobe halisi! Amekuwa naye tangu enzi za mumewe, amemfunga utepe, akaniomba nimhakikishie kwamba atalishwa kabichi.

Nimekaa ukumbini nikiinama, naomba radhi, nainama tena. Kobe alipita kati yetu polepole akielekea kwenye vyungu vya maua, amevaa nyumba yake, hana habari ya mtu. Nilimwonea wivu.

Mchana ubao ukarudi na mihuri yote kumi na nne. Muhuri wa Orikasa upo, mwekundu, umesimama wima. Karibu na tangazo langu ameandika kwa penseli nyekundu: “Ijumaa ni tarehe 14.”

Nilikwenda kwenye kalenda. Ijumaa ni tarehe 14.

Miaka thelathini na minne!

Nimerudisha kobe kwa mikono yangu. Mjane alilia kwa furaha, akanipa kabichi. Sasa nami ninadaiwa nusu ya kabichi.

Kesho saa nne na dakika kumi na mbili, treni. Sina mpango. Niandike ukweli: nikifunga macho naona kile kitu cha kijivu, kilichopinda. Ndugu zangu waliojua daraja lile wamekwisha kufa wote. Nikifa mimi, atakayeliota ni mdudu wa simu mwenye deraya, na mdudu mwenyewe anakwenda kwenye theluji.


Jumamosi, 15 Juni. Mvua imesimama, ukungu.

Nimekwenda kituoni kwa sababu za kiadabu tu.

Milima haikuonekana. Reli zilitoka katika ukungu na kuingia katika ukungu. Tochikubo alikuwa amekwisha kuagana, akaenda kufungua duka lake la kunyolea. Bi Orikasa amekaa kwenye benchi na begi dogo na simu mapajani. Nikasimama kando yake. Hatua mbili, nilizipima.

Akasema: “Mzee Nukazawa, una dakika nane. Haya, sema.”

Nikasema ukungu ni mzito. Akasema saba. Nikasema Hokkaido hawana majira haya ya mvua, ni nafuu kwa magoti. Akasema sita, na kwamba magoti yake ni mazima, hata baada ya yale aliyoyapitia kwa ajili yangu vuli iliyopita. Sikuelewa. Basi akanieleza, akitazama reli. Nilipolazwa alikuja kuniona, nami nilikuwa na homa, namwita mama yangu, namwambia asivuke daraja, maji yanakuja. Wiki iliyofuata akavaa mabuti, akaingia kwenye tope lililomfika magotini, akasimama juu ya daraja nusu siku nzima akisubiri kiumbe chochote cha Hinokura kijitokeze. Walijitokeza wawili: mmoja darajani, mmoja kwenye ngazi za shule. Wa darajani alimkamata kwa ajili yangu, wa pili akabaki wake.

Nikauliza kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakunipa? Akakasirika kama enzi za jikoni kwake shuleni. “Nikupe bila kuombwa? Wewe? Ungehangaika mwaka mzima kutafuta nusu ya kunirudishia, ungelipasua hata paa la nyumba uniletee! Nikasema, asubiri, aombe mwenyewe, akiomba nampa na yameisha. Nimengoja miezi saba! Wewe unaniletea matikiti, unapigana vita, unawanyang’anya wajane kobe!”

Kengele ya kituo ikalia. Dakika mbili.

Neno lile lilitoka kama jino. Nikasema: “Naomba.”

Akasema hakusikia. Alisikia. Nikasema tena, na mwenye kufagia kituo akageuka.

Tulikutanisha simu. Yoroimo alisimama ukingoni mwa skrini yake, akageuka kumtazama, akavuka. Treni ikaja, akapanda, mlango ukafungwa. Bi Orikasa alinionyesha kupitia kioo kiluwiluwi wangu, akapunga mkono kwa kutumia simu, na ukungu ukachukua behewa lake, kisha la pili, kisha sauti.


Jumapili, 16 Juni. Mvua, ya kupendeza.

Saa nane mchana, kwenye kiti cha dirishani, Yoroimo amelala.

Nimeandaa miwani mbili na lenzi yangu ya kazini. Kijiwingu kikatokea. Daraja la jiwe, tao moja, kijito chini yake, mti wa matunda mekundu upande wa kaskazini. Mdogo, lakini upo. Kwa mazoea nilitafuta kosa, nikalipata: ukuta wa pembeni wameuchora upande usio wake. Sikulisahihisha. Nilikaa nikitazama hadi chai ikawa baridi, na kwa muda sijui kama ni yeye aliyekuwa anaota au mimi.

Kisha nikachukua karatasi kumwandikia Bi Orikasa asante.

Nimekwama mstari wa kwanza. Asante ni neno, si nusu. Anasema yameisha, lakini yeye ni mtu aliyerudisha nusu ya tikiti kwa kisu, adabu zake hazitegemewi. Nusu ya daraja ni nini? Na lipo jambo lingine. Anaye yule wa pili, aliyezaliwa kwenye ngazi za shule. Kwenye ngazi zile tulikuwa tunakaa kula viazi vitamu vya kuchoma, mimi na dada yangu. Akilala, lazima anaziota.

Ningeweza kumpigia simu nikamwomba. Angekubali kabla sijamaliza sentensi.

Hapana. Nina mpango bora. Nitamtumia tikiti, safari hii kubwa kabisa, hadi Hokkaido kwenyewe. Itambidi arudishe nusu. Na nusu ya tikiti haiwezi kusafiri siku mbili bila kuoza, kwa hiyo atalazimika kuileta kwa mkono hadi hapa, na simu yake mfukoni.

Hatua tatu! Kesho naenda dukani.