Mihuri Saba Uwanjani

Nakiri kabla sijaulizwa: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Ila nilikuwa mjinga kwa kufuata utaratibu, na huo ni ujinga wenye pensheni.

Taifa zima lilitangaziwa kwamba Idara yetu, hapa Tokyo, imeunda Kamati ya Kulinda Heshima ya Timu ya Taifa ya Vijana Isiyokuwepo. Iliyopo ilikuwa inafungwa na kila mtu, ikatuchosha. Isiyokuwepo inacheza ndani ya katuni, kwenye gazeti la kila Jumatatu, na ilikwisha kufika fainali dhidi ya Uruguay. Nahodha Tatsuma alipiga shuti mwezi wa tano. Mwezi wa saba mpira ulikuwa bado hewani. Kamati haikuona ajabu. Barua zetu nazo husafiri hivyo hivyo.

Kazi yangu mimi Kuroiwa, karani wa Kamati, ilikuwa kuhakikisha vijana wanashinda. Mkurugenzi Shimaoka alikwisha kukodi ukumbi wa sherehe.

"Wakifungwa, Kuroiwa," aliniambia, "utahamia Wakkanai, kaskazini kabisa, ukahesabu theluji."

Nikaenda kwa mchoraji wa katuni hiyo, Mwalimu Orie, kama wachoraji wanavyoitwa kwetu, mama wa miaka hamsini mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Mkono mmoja ulishika tonge la wali, wa pili ulikuwa unachora nyasi.

"Mwalimu, vijana washinde."

"Hawashindi. Golikipa wao goti bovu tangu kitabu cha tatu. Wafungwe, walie, wakue. Ndiyo hadithi yangu hiyo."

"Sera ya taifa hairuhusu kulia."

"Basi shika kalamu uchore mwenyewe, baba."

Nikapiga magoti, paji la uso sakafuni. Nilikaa hapo hadi akamaliza tonge.

"Haya, inuka, unanifutia wino kwa uso." Akachora mpira unaelekea goli tupu la Uruguay, wa kuuzuia hayupo. "Bao lenyewe wiki ijayo. Umeridhika?"

"Kabisa. Na ukurasa ukishapigwa mihuri, Mwalimu, hafuti mtu hata nukta. Ni sheria."

"Hata nukta?"

"Hata nukta!"

Akaniambia nichukue nakala. Nikachukua ukurasa wenyewe. Mkubwa hapelekewi kivuli.

Kwetu muhuri ni kiduara chekundu chenye jina la mtu, na una adabu zake: mdogo huupiga umeinama kidogo kuelekea wa mkubwa, kama anayemwamkia, mkubwa huupiga wima. Tukaupiga ukurasani sisi sita wa Kamati, tumeinama vizuri, mmoja akainama hadi karibu aanguke. Mkurugenzi akatafuta mahali pa heshima. Akapapata: katikati kabisa, mbele ya goli la Uruguay. Akaugandamiza muhuri wake, mkubwa kama kisahani, umesimama kama mlingoti.

Jumatatu gazeti likatoka na ukurasa ule ule, mihuri na yote. Gazeti lile, jamani, huchapwa kwa wino mmoja tu, mweusi. Mihuri yote ikawa mipira.

"Mipira minane!" nilisikia wanafunzi wakipiga kelele kwenye treni. "Tatsuma kiboko!"

Nikatokwa na jasho la Wakkanai.

Jumatatu iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Shuti la Tatsuma, baada ya miezi miwili hewani, liligonga lile limpira kubwa mbele ya goli tupu, likarudi. Uruguay wakaunasa mpira, wakakimbia kurasa kumi na moja, wakafunga. Filimbi. Vijana wakalia kurasa sita, na nchi nzima ikalia nao kwa raha, nakala zikaisha madukani.

Mkurugenzi akatuita sote, pamoja na Mwalimu Orie. Akatandaza gazeti mezani.

"Nimeaibishwa mbele ya taifa! Mama, hukuyaona madude haya? Kwa nini hukuyafuta?"

"Karani wako alisema sheria hairuhusu. Hata nukta."

Macho yote kwangu. Nikainama kama muhuri wangu.

"Nataka jina!" Mkurugenzi akapiga meza. "Nani aliyeharibu bao la taifa? Leo hii anahama!"

Mwalimu Orie akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akakiweka juu ya ukurasa wenye mihuri, akausogeza taratibu mpaka mbele ya Mkurugenzi.

"Majina yote yapo, Mkuu, soma mwenyewe. Sita wameinama kupisha mpira. Mwanaume aliyezuia bao ni yule mmoja aliyekataa kuinama."