Wiki Niliyoifundisha Programu Kusinzia

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Miwani, mwenzangu wa kitengo cha mtandao, kasimika toleo jipya la programu ya kupima mtandao wa chuo. Eti kwa siku tano itatazama tu, ijifunze kasi ya kawaida ni ipi. Baada ya hapo mtandao ukienda kombo, inamtumia Mkuu wa Chuo ujumbe yenyewe, bila kuniuliza. Zamani mtandao ukilala, nilimaliza chai yangu kwanza. Miwani alieleza huku akitabasamu. Namjua, anakitaka kiti changu.

Jioni. Nimepata dawa. Samaki mkunje angali mbichi. Programu ikijifunza uzembe, uzembe ndio utakuwa kawaida, na Mkuu hatasumbuliwa milele. Nimebana kasi ya chuo kizima hadi robo.

Jumatano, 5 Machi

Mhasibu kalalamika. Mlinzi naye kalalamika, na hana hata kompyuta. Nimewaambia programu inazoea mazingira, wawe na subira. Miwani anakuna kichwa tu. Raha!

Alhamisi, 6 Machi

Sina raha. Dada yangu, karani wa maktaba yetu, leo saa nne alikuwa na usaili wa ufadhili wa shahada, kwa video. Aliniambia tangu mwezi uliopita. Nikasahau! Picha yake iliganda mdomo wazi dakika sita, kisha wakamwondoa. Huyu ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Wafadhili hawampokei aliyefikisha miaka arobaini, naye anafikisha Juni.

Nilimkuta anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Akaniambia nisijilaumu, mitambo ndivyo ilivyo. Nikaitikia kwamba ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha kasi. Kumbe! Programu ikaona maajabu, mtandao unakimbia. Kabla ya saa tatu simu ya Mkuu ilikuwa imepokea ujumbe wa hatari mara thelathini na saba. Akaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, akiuliza nani ametuvamia. Nikabana tena, ikanyamaza. Kanishukuru mbele ya Miwani. Sikufurahi hata kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Dada kaja ofisini uso unang'aa. Wasaili wamemwandikia kwamba akileta ushahidi kuwa hitilafu ilikuwa ya chuo, kabla ya Ijumaa saa sita, watamsikiliza upya. Akauliza si tuna ile programu inayoandika kila kitu? Miwani akachapa ripoti papo hapo. Alhamisi, saa nne: mstari wa kijani. KAWAIDA.

Dada aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema basi labda kosa lilikuwa lake. Miwani akasema hata barua ya fundi ingetosha, kama yupo fundi anayejua kilichotokea. Wakanitazama wote wawili. Nikasema nitachunguza.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimeandika barua. Kwamba mimi ndiye niliyebana. Nikatia saini. Mficha uchi hazai, nikajiambia, nikainuka. Mlangoni nikapishana na Miwani, nikakikumbuka kiti changu, nikarudi kukikalia. Nikainuka mara ya pili saa tano na nusu. Mara ya tatu ndipo nilipofika maktaba, saa sita na dakika kumi.

Dada alikuwa anakula. Akanimegea nusu ya chakula chake, eti nimekonda kwa kazi. Nikala chote. Barua imo mfukoni mpaka sasa.

Jumapili, 16 Machi

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu kazaliwa na meno. Siku mbili sijala vizuri. Simu ya Dada naiona inaita, naiacha ilie.

Miwani kanijulisha kwamba programu haikujifunza vizuri. Kesho wanaifuta kumbukumbu, inaanza upya siku zake tano. Nimekaa, nimewaza sana, nimejirekebisha. Safari hii sitakurupuka. Nitabana nusu tu, si robo. Na kabla sijabana nitampigia Dada, nimwulize kama wiki hii ana usaili wowote.