Kitanda cha Marehemu

Diploma aliwaona wageni wanne wamesimama mwisho wa mtaa, wamemaliza kuona vyote na hawajui pa kwenda. Kwake yeye, mgeni asiyejua pa kwenda ni kuku aliyeingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe.

Mtaa ule ulikuwa wa wasanii, na kila kilichokuwamo kilipakwa rangi isipokuwa paka, na hata paka mmoja alikuwa na doa la kijani ambalo hakuna aliyekubali kulielezea. Viti vilining'inia mitini. Fundi wa kuchomelea alikuwa ametengeneza geti kwa baiskeli mbovu. Mgahawa wa pembeni uliuza kahawa katika vikombe visivyofanana, na kwa sababu hiyo hiyo ukaiuza ghali. Wale wanne walikwisha kunywa kahawa, walikwisha kupiga picha viti, geti na paka, sasa wakawa wanatazamana.

Diploma hakuwa msanii. Jina hilo alipewa kwa kuwa kila ulichomuuliza alidai amekisomea. Alikaa kwenye chumba cha uani kwa shangazi yake, mshona mapazia, aliyemchukua akiwa mdogo mama yake alipofariki. Chumba kile ndicho kitu pekee duniani alichokipata bila kudanganya mtu. Shangazi alimdai jambo moja tu, na alimdai kila asubuhi: atandike kitanda. Kila asubuhi Diploma aliahidi.

"Samahani," aliwaambia wageni kwa sauti ya msibani, "chumba mmeshakiona?"

"Chumba gani?" aliuliza mama mmoja mwenye kofia pana.

Diploma akainamisha kichwa. "Basi. Pengine si vizuri kukisema."

Hapo walikuwa wamekwisha kunasa. Kilichobaki ni kuwavuta. Njiani akawasimulia habari za mchoraji mkubwa aliyekataa kuuza hata picha moja, akazichoma zote, akafa peke yake uani kwa mshona mapazia. Kuchomwa kwa picha kulimgusa sana Diploma, maana hakuwa na hata moja ya kuonyesha.

Akawafungulia chumba chake. Kitanda kilikuwa vurugu tupu: shuka huku, mto kule, blanketi nusu sakafuni. Suruali ilikuwa kwenye msumari. Kikombe cha chai kilikuwa kimeota kitu.

"Hivi ndivyo alivyoamka siku ya mwisho," alinong'ona Diploma.

Bwana mmoja akanyoosha mkono kwenye shuka.

"Usiguse, mzee wangu. Ndio wosia wake. Asiguse mtu kitu."

Mama mwenye kofia akatoa leso. Diploma naye akahisi machozi, kwa sababu ulimi wake ulikuwa na tabia mbaya ya kumdanganya hata mwenyewe. Wakati wa kutoka, kila mmoja alimtia kitu mkononi.

Kuanzia hapo wageni wakawa wanaletana. Kwa mara ya kwanza uvivu wa Diploma ukawa kazi. Asiyeosha kikombe sasa alikuwa mhifadhi wa historia, na alikihifadhi kwa bidii.

Alisahau jambo moja tu: dirisha la shangazi lilitazama uani, na cherehani haizibi masikio.

Siku moja shangazi alitokea mlangoni katikati ya maelezo, utepe wa kupimia shingoni. Diploma akaona arobaini yake imefika. Lakini shangazi alijifuta macho kwa kipande cha pazia, akasema taratibu, "Marehemu nilimpikia mimi." Wageni wakamzunguka. Diploma akashusha pumzi. Amepata shahidi, tena wa damu yake.

Kesho yake alirudi kutoka kwenye mizunguko yake akakuta kufuli mlangoni, mkanda wa pazia jekundu umezuia njia, na foleni. Mwanzoni mwa foleni alikuwa yule mama wa kofia, amekuja na mashoga zake. Shangazi alikuwa amekalia kigoda, akipokea viingilio.

"Shangazi, nipe ufunguo nikapumzike."

"Pole, kijana. Kitanda cha marehemu hakilaliwi."

"Shangazi, ni mimi."

"Wengi husema hivyo."

Diploma akawageukia wageni, akafanya jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo: akasema kweli. Akawaambia hakuna mchoraji, hakuna aliyekufa, suruali ni yake, na chai ile aliinywa yeye.

Mama wa kofia alimshika bega kwa huruma. "Msiba umemchanganya," aliwaeleza mashoga zake. "Yeye ndiye aliyempenda kuliko wote."

Basi Diploma akapanga foleni, akalipa kama wenzake, akaingia chumbani mwake kutalii.

Shangazi alisimama kando ya kitanda. "Marehemu alikuwa mwongo," alianza. Wageni wakastuka. "Mvivu pia. Lakini siku tuliyomzika mama yake, mimi ndiye niliyelia. Yeye, mtoto mdogo, alikaa karibu yangu akanitungia uongo mmoja baada ya mwingine mpaka nikacheka. Nikajua huyu atanisumbua maisha yangu yote. Na nikajua sitamfukuza."

Diploma alikuwa analia, na safari hii ulimi wake haukuhusika.

"Nitakitandika, shangazi," alisema.

"Hiyo ahadi tumeizoea. Marehemu hafufuki kwa maneno."

Diploma akavuka mkanda mwekundu. Wageni wakashika vifua alipookota blanketi la wosia. Akakung'uta shuka, akalinyoosha, akaweka mto mahali pake, kamasi zikimchuruzika. Alipomaliza, akawageukia wageni. Onyesho limekufa, aliwaza. Sasa watadai viingilio vyao.

Mama wa kofia ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wote wakafuata, wengine wakilia waziwazi. Mmoja alisema hajapata kuona usanii mzito namna ile, akauliza utaonyeshwa tena lini.

"Kila asubuhi," alisema shangazi, akivuta kigoda chake kurudi mlangoni. "Bila kukosa."

Diploma alifungua mdomo apinge. Kisha akaona pembe moja ya shuka imekunjamana, akainama kuinyoosha.