Mume Wangu Ameanza Kuishi Uswidi Kabla ya Kufika

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
16 Julai 1981

Bwana Afisa wa Mafunzo,
Karakana ya Mabehewa.

Mheshimiwa,

KUH: SAFARI YA PHARES OTIENDE IFUTWE, AU AONDOKE KESHO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa yako. Sisi hatujambo isipokuwa baridi, na baridi hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mimi ni mke wa Phares Otiende, fundi wa breki uliyemchagua mwezi wa Mei aende Uswidi kwa mafunzo ya miezi mitatu. Tulifurahi sana. Wazee wa kanisa walikuja wakamwombea, nami nikachinja kuku wawili. Kisha ukampa kile kijitabu cha mashauri kwa msafiri. Ukurasa wa kwanza unasema, "Msafiri mwema hujizoeza mapema." Safari ni Januari. Mume wangu alianza kujizoeza jioni ile ile, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu kinasema huko maji huganda mtoni. Baba Apondi, kama ninavyomwita kwa jina la binti yetu, akaona kwamba dawa ya baridi ni baridi. Tangu Juni madirisha yetu hayafungwi na jiko la makaa halikanyagi ndani. Yeye mwenyewe huvaa koti la sufi alilolitoa soko la mitumba la Gikomba, linalomfika vifundoni. Nilipomuuliza kwa nini sisi tusio na safari tutetemeke na msafiri awe ndani ya koti, alinijibu kwa upole, "Mama Apondi, nyumba inatakiwa izoee baridi. Mimi natakiwa nizoee koti."

2. Tunakula ugali kwa uma na kisu. Mheshimiwa, ugali haudungwi. Apondi ana miaka minane na amejifunza kufinyanga tonge mapajani, chini ya meza, kama mwizi. Siku ya omena, wale dagaa wa ziwani, baba yake humkata kila omena kichwa, akamtoa mfupa, akamweka kando, akamshika mwingine. Tukianza kula saa moja, tunanawa saa tatu.

3. Eti watu wa huko hawamsemeshi mtu wasiyemjua vizuri. Baba Apondi amepiga hesabu akaona hapa Makongeni hakuna anayemjua vizuri. Mzee Maingi, ambaye tumechota naye maji bomba moja miaka kumi na mmoja, sasa huinuliwa kidevu tu. Alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefiwa. Nyumba hizi, Bwana Afisa, ukuta wake ni mwembamba; mtu akipiga chafya kwake, sisi humjibu kutoka kwetu. Siku hizi anapiga chafya, na sisi kimya.

4. Wifi yangu Adoyo alikuwa aolewe Agosti. Kamati ya harusi iliitwa hapa kwetu Jumapili, saa nane. Nilikuwa kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Saa nane kamili, kwa kuwa kijitabu kinasema huko mkutano haumngoji mtu, Baba Apondi alijikuta peke yake, akafungua mkutano kwa maombi. Alitoa hoja, akaziunga mkono, akazipitisha bila kupingwa. Saa nane na robo alifunga mkutano na mlango, akaenda kutembea. Upande wa bwana harusi walifika saa tisa unusu na kreti ya soda, wakakuta kumbukumbu za mkutano zimebandikwa mlangoni: wageni thelathini, hotuba dakika tatu, chakula, viazi vya kuchemsha na samaki baridi. Walisoma mpaka mwisho, wakabeba soda zao. Hawajarudi. Adoyo anakaa nasi na analia, na kwa madirisha yale hata machozi hayakauki.

5. Hili ndilo lililonifanya niandike. Wiki jana mama mkwe alikuja kutoka Siaya, na kuku kapuni, bila kuarifu, kama mama yeyote anavyokuja kwa mwanawe. Kijitabu, ukurasa wa kumi na saba, kinasema mgeni huandika kwanza. Mume wangu alisimama mlangoni na koti lake akamwambia, "Mama, ungeandika." Yule mama hajui kuandika. Alilima mashamba ya watu ili huyu ajue. Alimtazama sana, kisha akaniuliza mimi kama mwanawe amefutwa kazi. Nilimwingiza nikampa chai. Kesho yake alipanda basi la asubuhi, akatuachia kuku. Jioni ile Baba Apondi akasema, "Alikuwa na shuka ya kujifunika huko njiani?" Sikumjibu. Mimi pia simjui vizuri mtu huyu wa koti.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: safari ifutwe, ama umpeleke kesho. Uswidi ya miezi mitatu ningeivumilia, kwa kuwa ingekuwa huko. Hii ya miezi minane iko chumba kimoja na nusu, na inakoroma. Ikiwa yote mawili hayawezekani, basi chapisha kijitabu cha pili, cha namna ya kuishi na watu Makongeni, umpe na hicho ajizoeze mapema.

Nisalimie mama watoto, makarani wako wote, na yule askari wa langoni ambaye bado huitikia hodi.

Ni mimi, nisiyesafiri,
Roseline Otiende

N.B. Jana, kabla sijafunga bahasha, alipita Bi. Khalayi, ambaye mumewe alikwenda mwaka juzi. Anasema ofisi yako huwasafirisha na wake, wakakae na waume zao wiki mbili za mwisho. Sikuwa nimeambiwa. Tafadhali anza kusoma barua hii hapa. Picha nne za pasipoti nimekwisha kupiga, na sindano ya homa ya manjano nitadungwa Jumatatu. Naomba pia nipewe kijitabu changu mwenyewe. Hicho kingine mume wangu hukifungia kabatini, na Januari si mbali.