Kisu cha Zana Kumi na Mbili na Mzizi Mmoja

Kwenu nyote mlioko Basoko,

Nimeadhirika leo. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya avenue nzima, mchana kweupe, nikiwa na tope mpaka masikioni. Naandika kabla sijaoga, maana nikishaoga nitaanza kujitetea, na safari hii nataka mpate ukweli kabla sijaupamba. Atakayewasomea wenzake barua hii asiruke mistari.

Chanzo ni kisu. Kisu cha mfukoni, chapa ya Ngao, mpini mwekundu, na ndani yake zimekunjwa zana kumi na mbili. Nilikinunua kwa mama mmoja aliyeshuka kwenye boti iliyotoka Kinshasa. Amisi, tunayekaa naye meza moja ofisini, alipokiona alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja na chake: chapa ya Mamba, mpini mweusi, zana tisa. Tisa! Nilicheka mpaka nikakohoa. Akafungua bapa la kisu chake, likalia ka! na kukaza.

"Umesikia?" akaniuliza. "Yako inajifungaga yenyewe, itakukata kidole siku moja. Yangu ikishafunguka, imefunguka."

Haki yake nampa. Mamba ana kishikizo cha kuzuia bapa, na msumeno wake umemzidi Ngao kwa pingili moja ya kidole. Kwa wiki tatu tulivipima visu hivyo kwa bidii ambayo serikali haijawahi kuiona kwetu. Kopo la dagaa: Mamba analifungua haraka lakini anaacha ukingo wenye meno, Ngao anakwenda taratibu na kuacha kopo safi. Parafujo za mashine ya kuandikia: Ngao, bila ubishi, bisibisi ya Mamba ni nene mno. Mkasi: Ngao peke yake (Amisi akasema mwanamume anayehitaji mkasi aende kwa fundi cherehani). Kufungua bia: sare, na jaribio hilo tulilirudia mara nyingi kwa ajili ya uhakika. Ofisi iligawanyika pande mbili. Mafaili yalisubiri.

Zana moja tu hatukuipima. Mgongoni mwa Ngao kuna chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe, chenye ncha. Hakuna aliyejua kazi yake, hata mimi. Nilipoulizwa nilikuwa nakunja uso na kusema, "Hiyo ni ya kazi maalumu." Uso ule niliufanyia mazoezi.

Sasa niwaambie kwa nini kisu kilikuwa na uzito kwangu. Lisungi mnamjua, nimewaandikia habari zake hadi mkachoka. Kesho Jumapili tonton, mjomba wangu, atanipeleka nyumbani kwao kumposa rasmi. Baba yake, Papa Lofemba, ni mtu wa Yanonge, mchonga mitumbwi. Mwaka mzima nikimsalimia ananijibu "tutaona". Lisungi ndiye aliyeniambia kinachomsumbua. Baba yake alisema: "Ule kijana ya bureau, mikono yake iko laini. Siku nyumba itavuja, ataipiga cachet?"

Neno hilo la muhuri liliniuma, nawaambia. Liliniuma kwa sababu sikuwa na jibu. Nikajisemea: akikiona kisu changu, atajua kwamba mimi pia ni mtu wa vyombo.

Na bahati ikanipa nafasi, au niseme ikanitegea mtego. Kama mjuavyo, Jumamosi ni salongo, kila raia, citoyen mkubwa kwa mdogo, anatoka na chombo chake kusafisha mtaa, na kwenye avenue yetu mkuu wa salongo ni huyo huyo Papa Lofemba. Kila Jumamosi mimi huazima panga la jirani. Leo sikuazima. Nilikubaliana na Amisi: leo visu vitapimwa kazini, mbele ya watu, tumalize ubishi.

Tukajipanga mstari. Papa akapita akikagua majembe, mapanga na fagio za akina mama. Akafika kwangu.

"Coupe-coupe yako iko wapi?" Yaani panga.

Nikatoa kisu. Nikakifungua chote, zana kumi na mbili zikasimama pande zote. "Hii, papa. Iko na vyombo kumi na mbili ndani."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Papa Lofemba akakiangalia kisu, akaniangalia mimi, akamwangalia Amisi aliyekuwa anatoa cha kwake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Bon," akasema. "Kumi na mbili na tisa. Donc leo niko na watu makumi mbili na moja wa bure. Mutakata majani ya huku, kando ya mtaro. Kila mutu na upande wake."

Basi tukapiga magoti, makarani wawili wa Jamhuri, tukakata matete kwa visu vya mfukoni. Ngao, kazi ya majani: bapa linajifunga, kama Amisi alivyotabiri, likanikata kidole. Mamba: msumeno ukajaa nyuzi ukakataa kwenda wala kurudi. Nikahamia kwenye mkasi. (Ndiyo. Nilikata matete kwa mkasi wa kukatia kucha. Someni tena mkipenda.) Wenzetu walipofika mwisho wa avenue, mimi nilikuwa nimesafisha eneo la kutosha kulaza mbuzi mmoja, akijikunja. Ng'ambo ya mtaro akina mama walikuwa wameacha kufagia. Lisungi alikuwa kati yao, ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa.

Hapo ndipo pikipiki ikasimama. Délégué wa komini, mtu wa serikali, suti yake ya abacost imenyooshwa, beji kifuani.

"Hawa citoyens wanafanya nini? Wanachezea salongo?"

Kicheko kikakatika. Mnajua wenyewe siku zetu hizi, swali kama hilo likijibiwa vibaya mtu analala ndani. Nikamwona Papa Lofemba anafungua mdomo aseme kitu, na hapo ningenyamaza, ndugu zangu, ningenyamaza tu! Lakini nikasimama, nikapiga kifua.

"Hapana, citoyen délégué! Tunajaribu vyombo vya kisasa!"

Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akaanza kuuliza moja moja. Hii? Msumeno. Hii? Kibano cha kutoa miiba. Hii? Kioo cha kukuzia. Nilijibu vizuri, sauti ikapanda, nikaona hata wazee wanaitikia kwa vichwa. Halafu akashika kile chuma kilichojisokota.

"Na hii?"

Uso wangu wa kazi maalumu haukumtosha. Alingoja. Avenue nzima ilingoja. Lisungi alishusha kitambaa mdomoni.

"Hii iko ya kung'oa mizizi, citoyen."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Délégué akatazama mtaroni. Mzizi wa mwavokado ulikuwa umekatiza pale, mnene kama kifundo cha mkono, ukizuia maji tangu mvua zilizopita.

"Très bien. Ng'oa ule."

Nikashuka ukingoni. Nikachomeka ile ncha, nikazungusha. Ikaingia! Ikaingia vizuri kabisa, mpaka mwisho, na kwa dakika moja nzima niliamini kwamba nimesema kweli. Nikaushika mpini kwa mikono miwili. Nikavuta. Mzizi haukuwa na habari. Nikakanyaga ukingo kwa miguu yote miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote, za mshahara na za mapenzi, na mikono yangu laini ikateleza.

Nilikaa. Nilikaa mtaroni, maji yakafika kifuani, na tope jeusi likanirukia usoni. Kisu kilibaki kwenye mzizi, chekundu, hakijatikisika.

Délégué ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye pikipiki, kisha akaondoka zake akipunga mkono, na hatari ikaondoka naye. Wengine waliendelea kucheka. Amisi alikuwa amekirudisha cha kwake mfukoni, akajifanya anaokota majani.

Mimi sikuinuka mara moja. Niliwaza, pale kwenye maji. Niliwaza kwamba chuma kile kidogo nilikidanganyia wiki tatu, na hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa tu kuonekana nimepungukiwa. Na mzee niliyetaka anione nina vyombo alikuwa ameona yote, kuanzia mkasi. Niliona aibu ya kweli, ile isiyochekesha.

Papa Lofemba akashuka mtaroni na panga lake. Akapiga mzizi huku mara mbili, akapiga kule mara mbili, maji yakaanza kukimbia. Akanipa kisu changu kikiwa na kipande cha mzizi kimeng'ang'ania, akainama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini.

"Kweli kweli, mwana. Hii chuma iko ya nini?"

"Sijui, papa. Sijajua hata siku moja."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na coupe-coupe, uko nayo?"

"Sina, papa. Ile ya kila Samedi iko ya jirani."

"Hapana. Iko yangu. Jirani yako anakujaga kuiomba kwangu kila Vendredi, mbele ya salongo." Akaninyooshea mkono, akanivuta kutoka kwenye maji. "Mwaka muzima ninangoja siku utasema kama kuna kitu haujui. Kesho kuja na tonton yako."

Nilishukuru, nadhani. Tope lilikuwa limenijaa mdomoni.

Mchana huu Lisungi amepita hapa. Alisimama mlangoni, akaniangalia, akacheka peke yake vya kutosha, kisha akanipa karatasi ya vitu ambavyo baba yake anataka tuje navyo: pagne (vitenge) za mama, chumvi, blanketi, taa ya fitila. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mzito, wa mtu asiyezoea kalamu: panga moja, mpya, tutamrudishia kijana mwenyewe, iwe yake.

Amisi amesema atanisindikiza kesho, kwa sharti kwamba visu vibaki nyumbani. Changu kingebaki tu, kipande cha mzizi hakijatoka mpaka sasa.

Boti inashuka huko kesho asubuhi, kwa hiyo mtakapoanza kucheka nitakuwa nimeshajibiwa. Chekeni, sitawasikia. Ila kama yuko mmoja wenu anayejua chuma kile ni cha nini, aniandikie upesi, kabla Amisi hajajua.