Stika Nyekundu Kwenye Cherehani

Jumamosi, 1 Machi
Wamemzuilia jirani wa ng'ambo ya barabara kila kitu! Magari matatu, friji mbili, hadi kile kiti chake cha kuzunguka. Serikali inashuku vimetokana na magendo. Kila kimoja kimebandikwa stika nyekundu: MALI HII IMEZUILIWA. ATAKAYEIGUSA ATASHTAKIWA. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Hakuna aliyeuliza nani alizichapa. Nilizichapa mimi! Hapa hapa kidukani kwangu, katikati ya kadi za harusi na vitabu vya risiti. Hata gundi niliichagua mwenyewe. Nilimwahidi afisa, mama mmoja mwenye miwani, kwamba haibanduki mpaka Kiyama.

Stika za kwanza zilitoka nembo ya serikali imelala upande. Afisa aliagiza nizichome. Nimechoma nyingi. Zimebaki ishirini. Karatasi nzuri vile!

Jioni mke wangu akaniambia kaka yake anakuja kesho kuazima cherehani. Yaani Naazima Mara Moja, ndivyo mtaa unavyomwita. Aliazima pasi mara moja. Ngazi mara moja. Feni mara moja, na huu ni msimu wa tatu wa joto tunajipepea kwa daftari. Mke wangu ana sare thelathini za shule za kumaliza kabla ya Ijumaa, na cherehani ndiyo inayotulisha watu wasipooana. Ila kumkatalia kaka yake hawezi. Moyo wake mweupe mno. Itabidi nimsaidie bila kumwambia.

Jumapili, 2 Machi
Ushindi! Mke wangu alipotoka tu, nikabandika stika ubavuni mwa cherehani, juu ya maua ya dhahabu. Shemeji akaja, akanyoosha mikono abebe, akasoma. Mikono ikarudi mifukoni. Akaniuliza kwa kunong'ona dada yake amefanya nini. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia mambo mengine hayasemeki. Aliondoka chai hajaimaliza. Shemeji, kuacha chai!

Mke wangu aliporudi nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta machozi, akasema haya, ibandue sasa, nina kazi.

Haibanduki. Nimejaribu maji ya moto, mafuta ya taa, kisu cha jikoni. Gundi bora kuliko zote nilizowahi kununua. Mke wangu amesema akili ni nywele, kila mtu ana zake, kisha akautazama upara wangu kwa muda mrefu.

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amefunika stika kwa taulo, akaendelea kushona. Taulo likaanguka mbele ya mama aliyekuja kupimwa gauni. Mama akanyakua kitambaa chake, pamoja na futi yetu ya kupimia, akatoka mbio. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulishajua sisi ni wahalifu. Kinyozi, ambaye miaka yote hanisalimii, ameniita bosi. Sikumsahihisha.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Lori mlangoni, na afisa mwenyewe ndani yake. Kumbe shemeji alishindwa kula tangu juzi. Jana alikwenda ofisini kumtetea dada yake. Akawaeleza kwamba cherehani ile waliachiwa na mama yao, haijatokana na uhalifu wowote, wamwonee huruma. Afisa akatafuta kwenye orodha yake. Hamna cherehani. Ndipo akaja kujionea.

Aliinama, akaiona nembo iliyolala upande. Akainuka, akanitazama mimi. Watu wake wakaibeba cherehani kama ushahidi.

Mke wangu aliokota sindano iliyoanguka sakafuni, akabaki ameishika tu. Bora angenitukana. Sare kumi na nane bado, na mimi nimejiona mdogo kuliko kifungo.

Jumatano, 5 Machi
Tumekwenda ofisini watatu. Nilikuwa nimeandaa maelezo: stika ilipeperushwa na upepo. Kabla sijafika kwenye upepo, mke wangu akanikanyaga mguu, akazungumza yeye. Alimwambia afisa kwamba mume wake si mhalifu, kwa sababu mhalifu hupanga mambo yakapangika. Kwamba nilifanya yote haya kwa kumpenda, na mapenzi yangu ndivyo yalivyo, lazima kitu kiharibike. Shemeji akasimama, akaomba aonyeshwe pa kutia sahihi anidhamini. Hata hakuuliza kosa langu ni lipi.

Nilimtazama mtu niliyemfanyia hila. Nikasema kweli yote, hadi stika kumi na tisa zilizobaki.

Afisa alivua miwani, akacheka mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Adhabu: stika zote nizichome mbele yake, na kazi ya ofisi ile nisiisikie tena. Cherehani ikaachiliwa. Alisema watoto wa shule hawajakosa.

Njiani shemeji aliibeba begani, akakataa kupokewa. Nikamwomba radhi. Akasema shemeji, si ungeniambia tu kwamba haiwezekani. Njia hiyo sikuwahi kuifikiria!

Alhamisi, 6 Machi
Cherehani inanguruma tangu alfajiri. Sare ya ishirini na tano. Mke wangu anaimba. Nimemwapia kwamba hila basi, nimekoma. Nampenda sana mwanamke huyu, na nimemwambia. Amesema asante, nimpishe kwenye mwanga.

Nikiwa nimempisha, nikaisoma barua ya kuachilia cherehani tuliyopewa jana ofisini. Mali iliyotajwa hapo juu imechunguzwa na imeonekana haina doa. Sahihi, muhuri wa duara, na nafasi ya kujaza aina ya mali. Barua safi kabisa! Ila imechapwa ovyo, herufi zimebanana. Na majirani bado wanatuangalia kwa jicho la pembeni. Mtu mwenye barua kama hii kwa kila kitu cha nyumbani, nani atamshuku? Meza. Redio. Kitanda.

Nimechapa hamsini tu. Muhuri wangu umetoka mzuri kuliko wao.