Pampu Kubwa Kuliko ya Kimya

Jumatatu, 9 Juni

Gari limekohoa tena. Mlimani, gia ya tatu, turbo ndiyo kwanza inaanza kuimba. Kikohozi, kikohozi, kisha lori la kokoto likatupita. Shangazi alikuwa pembeni yangu. Tukafika gerejini kwake. Akaegemea boneti, akatega sikio, akasema injini ina kiu. Tumeipa turbo ya kuisukumia hewa zaidi, tukaiachia pampu ya mafuta ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Nalihusudu sikio hilo. Mimi nimesoma fizikia mpaka nikavikwa joho, na nilidhani ni plagi.

Kisha hukumu. Gari ni lake kwa karatasi, langu kwa mapenzi. Jumamosi nilikimbize kwenye uwanja wa ndege wa zamani, mwanzo hadi mwisho, mguu chini kabisa. Likikohoa, turbo inang'olewa na gari linakwenda kubeba mashuka ya mumewe, mwenye udobi. Nikamwambia pampu nitaichagua mwenyewe. Akasema, "Sawa mama, ila huchaguliwa kwa kiu ya injini, si kwa kiu ya dereva."

Jumanne, 10 Juni

Gari la Kimya halijawahi kukohoa. Kimya ni binti wa shangazi. Amenizidi umri na kila kitu kingine, na huongea kama vile maneno yanakaribia kwisha duniani. Kumuuliza ametumia pampu gani kungekuwa kukiri. Nikajitolea kumwoshea gari, nikainua kiti cha nyuma, penye kifuniko cha pampu. Alinikuta nimezama mpaka mabegani. Nikasema natafuta hereni. Akasema sivai hereni. Kisha akaniletea tochi. Ndivyo alivyo dada huyu, hata ukimwibia anakumulikia.

Aina ya pampu ameiandika juu ya kifuniko. Nimeipata. Lakini kilichonishika ni waya: mnene, mwekundu, unatoka kwenye betri huko mbele mpaka pale, umelazwa kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Niliutazama mpaka shingo ikakaza. Sijui kwa nini ametumia mnene vile. Mapambo, nadhani.

Jumatano, 11 Juni

Uamuzi: alichonacho Kimya, mimi nahitaji kikubwa zaidi. Nimechora grafu ili ionekane grafu ndiyo imeamua.

Muuzaji wa vipuri aliuliza injini ina nguvu kiasi gani. Nikamtajia nguvu ninayoitarajia. Akauliza waya wa pampu ukoje. Nikasema mzuri.

Pampu iko mezani kwangu. Inang'aa. Nimekula huku naitazama, sikumbuki nimekula nini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeifunga mwenyewe, kwenye waya uleule wa zamani. Imeingia bila ubishi. Nimezunguka mtaa taratibu: si kikohozi, si chafya. Kimya alipita, akachungulia. "Waya umebadilisha, mdogo wangu?" Nikamjibu kwamba sijaja kwenye mashindano ya urembo. Akanitazama, akaenda zake.

Wivu, bila shaka. Hata wivu unampendeza.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu. Nusu ya uwanja gari liliruka kama lililoitwa. Turbo ilipojaa, likakohoa kama mzee wa tumbaku, likazima katikati ya lami. Shangazi alikuja kwa mwendo wa hakimu, kiganja wazi, nikaweka ufunguo. Nikayaona mashuka.

Kimya akatufikia akiwa na waya mnene begani. "Mama, pampu ni nzima. Imekosa umeme. Mpe zamu moja." Kisha akanieleza: pampu kubwa hula umeme mwingi, waya mwembamba hauufikishi, basi pampu inalegea palepale injini inapoihitaji zaidi. Sijawahi kusikia sentensi ndefu hivyo kutoka kwake. Akalala chini ya gari, akavuta waya kutoka betri mpaka kwenye tangi. Aliponyanyuka alikuwa na grisi mpaka kwenye kope, na sijaona mtu mzuri kama yeye.

Shangazi akanirudishia ufunguo bila kuniangalia. Nikakanyaga. Gari likaimba mwanzo hadi mwisho, mpaka nikasahau kuvuta pumzi. Shangazi akasema, "Mume wangu atafute gari jingine. Na umshukuru dada yako." Nikamkumbatia Kimya kwa muda mrefu. Aliomba nimwachie.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari kwa kina na nimepata somo. Pampu yangu, ikipata umeme huu, inaweza kulisha injini mbili. Kuiacha inyweshe moja ni kuidharau kazi ya Kimya. Kwa hiyo kasoro haikuwa pampu, wala haikuwa waya. Turbo ni ndogo. Nimeagiza kubwa.

Kimya amesikia. Amekuja mpaka mlangoni kunionya kwamba klachi haitaistahimili. Jinsi anavyonijali dada huyu. Nimemtuliza. Klachi ni mtu mzima, kazi ikiizidi itasema.